Kasoko ya Tycho: kwa nini hung'aa Mwezi ukiwa mpevu, na umri wake ulijulikanaje?

Mwandamo

Ndugu wanajukwaa,

Ninaomba msaada wenu kuhusu kasoko ya Tycho, ile iliyoko kusini mwa uso wa Mwezi unaotuelekea. Nimeitazama kwa darubini ndogo katika hatua mbalimbali za mwandamo, na huonekana kana kwamba ni vitu viwili visivyohusiana. Siku moja au mbili baada ya robo ya kwanza, huwa ni shimo la mviringo lenye kuta ndefu na kilima katikati, tena limebanwa na mashimo mengine mengi, baadhi yakiwa makubwa kulizidi, hata asiyelijua eneo hilo anaweza kulipita asilitambue. Mwezi unapokuwa mpevu, majirani hao karibu wote hutoweka, nayo Tycho hubaki doa jeupe lililozungukwa na pete ya kijivu, huku michirizi myeupe ikitoka hapo na kusambaa juu ya sehemu kubwa ya uso wa Mwezi.

Nina maswali mawili. La kwanza ni sababu ya badiliko hilo, na hasa kwa nini kasoko hii iwashinde kwa mng'ao majirani wanaoizidi ukubwa. La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Karibu kila maelezo niliyosoma hutaja kwamba Tycho ina umri wa miaka milioni 108 hivi, lakini sijaona paliposemwa kwamba mtu aliwahi kutua hapo na kuchukua jiwe. Umri huo ulipatikanaje? Ningependa maelezo ya kina, kwa kuwa kuambiwa tu kwamba kasoko hiyo ni changa hakunitoshi.

Falaki

Ndugu Mwandamo, nitajibu swali la kwanza, lile la umri nikiwaachia wanaojua miamba kuliko mimi.

Unapoitazama Tycho karibu na robo ya kwanza, Jua huwa chini sana katika anga ya eneo hilo, kwa hiyo kila chenye kimo hutupa kivuli kirefu, na macho yako huyasoma maumbo kupitia vivuli hivyo. Kasoko hii iko nyuzi 11 hivi magharibi ya mstari wa katikati ya uso tunaouona, na mpaka wa mchana na usiku husogea nyuzi 12 hivi kwa siku; ndiyo maana Jua huchomoza hapo takriban siku moja baada ya robo ya kwanza. Wakati huo umri wa kasoko hauna uzito mkubwa, kwa kuwa hata shimo la miaka bilioni 4, mradi ukuta wake haujasawazika, hutupa kivuli chake kama kawaida. Mwezi ukiwa mpevu mambo hugeuka. Jua huwa nyuma yetu sisi tunaotazama, vivuli hujificha nyuma ya vitu vinavyovitupa, na kinachobaki kuonekana ni tofauti ya weupe na weusi wa udongo wenyewe. Maginus, jirani wa kusini-mashariki mwenye upana unaozidi kilomita 150, hupotea kabisa usiku huo kwa sababu udongo wake hauna tofauti na wa nyanda zinazoizunguka.

Udongo wa Tycho una tofauti kwa kuwa ni mpya. Mwezi hauna hewa ya kuukinga uso wake, hivyo vimondo vidogo kama chembe za vumbi huupiga bila kukoma, na upepo wa Jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua, huufikia moja kwa moja. Mapigo hayo huyeyusha na kuvukiza kiasi kidogo cha madini, na mvuke unapoganda juu ya punje za udongo huacha utando wenye vipunje vya chuma safi, vidogo mno hata kwa hadubini ya kawaida. Vipunje hivyo ndivyo vinavyoutia udongo weusi kadiri miaka inavyopita. Mgongano mkubwa hufukua miamba ambayo haijawahi kukutana na upepo wa Jua, huisaga na kuimwaga juu ya udongo uliokwisha kukolea weusi. Hiyo ndiyo michirizi unayoiona, pamoja na doa lenyewe. Pete ya kijivu inayozunguka ukingo wataalamu huihusisha na kioo kilichotokana na mwamba ulioyeyushwa na kurushwa nje kidogo tu, usifike mbali kama kifusi kingine.

Kuhusu umbo, Tycho ina upana wa kilomita 85 hivi na kina kinachokaribia kilomita 5 kutoka ukingoni hadi sakafuni. Ukizilinganisha namba hizo mbili utaona kwamba, licha ya vivuli vya kutisha vya asubuhi, umbo lake ni la sinia kuliko la chungu. Kasoko ndogo za Mwezi huwa na umbo la bakuli la kawaida, lakini zikishapita upana wa kilomita 15 hadi 20 hivi, shimo linalofukuliwa huwa kubwa kiasi cha kushindwa kujishikilia. Sakafu hujiinua na kusukuma mwamba wa chini juu, ambao hubaki kama kilele cha kati, huku kuta zikikatika na kuteremka vipande vipande hadi kufanya ngazi pana. Tycho inavyo vyote viwili, tena vikiwa bado vikali. Kilele chake huinuka kilomita 2 hivi juu ya sakafu, na mwaka 2011 chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kilikipiga picha wakati wa mapambazuko, ikaonekana kwamba kileleni kabisa limekaa jiwe moja lenye upana wa mita 120 hivi. Sijui picha nyingine ya Mwezi inayoonyesha ukubwa wa mambo haya vizuri kuliko hiyo.

Mchunguza Miamba

Ninashukuru Falaki kwa kuniachia nafasi. Umri wa Tycho haukupimwa Tycho. Ulipimwa katika bonde la Taurus-Littrow, upande wa kaskazini-mashariki, umbali unaozidi kilomita 2,200, ambako Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 walitua tarehe 11 Desemba 1972. Schmitt alikuwa mwanajiolojia kwa taaluma, jambo ambalo hakuna mwanaanga mwingine aliyekanyaga Mwezi anayeweza kulidai.

Upande wa kusini wa bonde hilo kuna mlima uitwao South Massif, wenye kimo kinachozidi kilomita 2. Kutoka miguuni pake, utando wa kifusi cheupe umetandaa juu ya sakafu nyeusi ya bonde kwa kilomita kadhaa, na umbo lake linaonyesha wazi kwamba ni maporomoko yaliyoshuka kutoka mlimani. Karibu na alipotua Cernan kuna kundi la kasoko ndogo zilizosongamana, ambazo hazifanani na kasoko za vimondo vilivyoanguka kimoja kimoja, bali na kasoko za upili, yaani mashimo yanayochimbwa na vipande vya mwamba vilivyorushwa na mgongano mwingine wa mbali. Wataalamu walipochunguza picha zilizopigwa kutoka juu, waliona kwamba kasoko za namna hiyo bondeni na juu ya mlima zimepangika katika uelekeo unaorudi kusini-magharibi, kunakotoka mojawapo ya michirizi ya Tycho. Hoja ikawa hivi: mgongano wa Tycho ulirusha vipande hadi huko, vingine vikachimba kundi lile la kasoko, vingine vikapiga kilele cha South Massif na kuliporomosha gamba lake. Ukijua lini maporomoko yalitokea na lini kasoko zile zilichimbwa, umejua lini Tycho ilizaliwa.

Upimaji wenyewe hutegemea miale ya kosmiki. Miale hiyo hupenya kwenye udongo wa Mwezi mita moja au mbili tu za juu, na inapozigonga atomi za madini huzigeuza kuwa isotopu fulani, yaani atomi za aina moja zinazotofautiana kwa uzito, za gesi adimu kama neoni na argoni. Jiwe lililofukiwa chini kwa mabilioni ya miaka halipati isotopu hizo. Likitolewa juu ghafla, huanza kuzikusanya. Kiasi kilichokusanywa, kikigawanywa kwa kasi ya ukusanyaji, hutoa muda ambao jiwe limekaa wazi. Sampuli za maporomoko na sampuli zinazohusishwa na kasoko za upili zilitoa miaka inayokaribia milioni 100 na zaidi kidogo, na hapo ndipo ilipotoka ile namba ya milioni 108 au 109 unayoikuta kila mahali.

Kwa anayetaka kupima kama hadithi hii inawezekana kimaumbile, nimekokotoa safari ya kipande kimoja. Ili kitoke Tycho na kuangukia Taurus-Littrow kwa njia inayohitaji nguvu kidogo kabisa, inatosha kirushwe kwa kasi ya kilomita 1.5 hivi kwa sekunde, ambayo ni chini sana ya kilomita 2.4 kwa sekunde zinazohitajika kuuhama Mwezi moja kwa moja. Kipande hicho kingekaa angani zaidi ya nusu saa. Kasoko yenyewe ya kilomita 85 ilikuwa imekwisha kufukuliwa kwa dakika chache tu, kwa hiyo vipande vya mwisho vilikuwa bado vinapaa wakati shimo vilikotoka limekwisha kupata umbo lake.

Zohali

Maelezo ya ndugu Mchunguza Miamba ni mazuri, lakini ninadhani Mwandamo anastahili kuonyeshwa pia mahali ambapo mnyororo huu una pete dhaifu, kwa sababu namba ya milioni 108 hunukuliwa siku hizi kana kwamba ilisomwa kwenye saa.

Kinachopimwa kwa neoni na argoni ni muda ambao mawe ya Taurus-Littrow yamekaa wazi. Hilo silipingi. Kuyahusisha mawe hayo na Tycho, hata hivyo, ni hitimisho lililotokana na mpangilio wa kasoko na uelekeo wa mchirizi, na hakuna aliyewahi kuokota Taurus-Littrow jiwe ambalo limethibitishwa kuwa lilitoka Tycho. Tena katika bonde hilo hilo pana ufa wa ardhi uitwao Lee-Lincoln, unaokatiza sakafu na kupanda mlimani. Ufa wa namna hiyo huweza kuleta mtetemeko, na mtetemeko huweza kuporomosha mlima bila kuhitaji msaada wa kasoko iliyoko kilomita 2,200. Harrison Schmitt mwenyewe na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, walilirudia bonde hilo na kuitilia maanani nafasi ya ufa huo, wakieleza pia kwamba huenda maporomoko hayakutokea mara moja tu.

Njia ya pili ya kukadiria umri ni kuhesabu kasoko ndogo zilizojichimba juu ya kifusi cha Tycho tangu kilipotandazwa. Njia hii nayo ina utata wake. Ukihesabu juu ya kifusi kilichorushwa nje ya ukingo unapata umri mmoja; ukihesabu juu ya mwamba ulioyeyuka na kuganda, ambao ulizaliwa siku ileile, unapata umri mdogo zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba mwamba mgumu huchimbika kidogo kuliko kifusi kilicholegea, kwa hiyo kimondo cha ukubwa uleule huacha shimo dogo zaidi, na hesabu inayopangwa kwa ukubwa wa mashimo huvurugika. Isitoshe, vipimo vya hesabu hiyo vilisawazishwa kwa kutumia sehemu chache za Mwezi zenye umri unaojulikana, na Tycho, kwa umri ule ule wa Taurus-Littrow, ni mojawapo. Kuutumia upimaji huo kuithibitisha Tycho ni kuzunguka duara.

Mimi huandika "takriban miaka milioni 100" na kuishia hapo. Wanaotaka zaidi wafuatilie sampuli 73001 na 73002, ambazo ni nusu mbili za bomba moja lililopigiliwa ndani ya maporomoko hayo mwaka 1972. Nusu ya chini ilifungwa hukohuko Mwezini ndani ya chombo kisichopitisha hewa na kuhifadhiwa kwa nusu karne. Nusu ya juu ilifunguliwa mwaka 2019, na ile iliyokuwa imefungwa Mwezini ikafunguliwa mwaka 2022. Kama kuna mahali ambapo historia ya maporomoko inaweza kusomwa tabaka kwa tabaka, ni humo.

Mchunguza Miamba

Hoja za Zohali kuhusu ufa ninazikubali, ila nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba uchanga wa Tycho unaning'inia kwenye uzi huo mmoja. Namba kamili ndiyo inayoning'inia. Uchanga wenyewe una ushahidi mwingine usiohusiana na Apollo 17 hata kidogo.

Michirizi yake hupita juu ya kila kitu inachokikuta, pamoja na lava za bahari za Mwezi, yaani zile tambarare nyeusi zisizo na maji, na hakuna kasoko kubwa iliyoikata. Sakafu yake imefunikwa na mwamba ulioyeyuka ambao bado una mikunjo na nyufa zilizotokea ulipokuwa ukiganda. Kisha kuna ushahidi wa joto, ambao mimi huupenda kuliko mwingine wowote. Mwaka 1960, wakati wa kupatwa kwa Mwezi, Richard Shorthill na wenzake walipima joto la uso wa Mwezi kivuli cha Dunia kilipokuwa kikiupitia, wakagundua kwamba Tycho hupoa polepole kuliko maeneo yanayoizunguka. Vumbi laini hupoteza joto lake mara tu Jua linapofunikwa, ilhali mawe makubwa hulihifadhi. Maana yake ni kwamba Tycho imejaa mawe tupu. Mawe hayadumu Mwezini. Vimondo vidogo huyavunja na kuyasaga hadi yawe udongo, na kwenye kasoko zenye umri wa miaka bilioni moja na zaidi alama hiyo ya joto huwa imefifia au imekwisha. Linganisha na kasoko ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 na umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 800. Nayo bado ina michirizi, lakini iliyochakaa. Mtu anaweza kubishana kama Tycho ina miaka milioni 90 au 110, lakini hawezi kuiweka katika kundi la Copernicus.

Mwandamo

Ninawashukuru nyote. Mjadala huu umenifungulia mambo ambayo sikuyakuta popote. Naomba kuongeza mawili. Je, hakuna chombo chochote kilichowahi kutua karibu na Tycho yenyewe? Na je, ni macho yangu tu, au michirizi kweli haikusambaa sawasawa pande zote? Upande wa magharibi unaonekana kuwa mtupu zaidi.

Pambazuko

Ndugu Mwandamo, macho yako yako sawa. Nitaanza na chombo.

Surveyor 7 ilitua tarehe 10 Januari 1968 juu ya kifusi cha Tycho, takriban kilomita 30 kaskazini mwa ukingo wake. Ilikuwa ya mwisho katika mfululizo wa vyombo saba vya Marekani vilivyotumwa kuandaa njia ya Apollo, na kati ya vile vitano vilivyofanikiwa kutua salama, vinne vilipelekwa kwenye tambarare za bahari za Mwezi. Hiki cha tano kilipewa sehemu ya hatari, yenye mawe na miteremko, kwa sababu mahitaji ya Apollo yalikuwa yamekwisha kutimizwa na wanasayansi wakaruhusiwa kuchagua. Kilituma zaidi ya picha 20,000. Kifaa chake cha kupima kemia ya udongo kilikwama kikigoma kushuka, na waongozaji wakiwa Dunia wakautumia mkono wa kuchimbia kukisukuma hadi kikafika chini, kisha wakakihamisha juu ya jiwe na baadaye juu ya mfereji mdogo waliouchimba. Majibu yalionyesha chuma kidogo na alumini nyingi kuliko kwenye tambarare za bahari. Hicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha kemia kilichofanywa juu ya nyanda za juu za Mwezi zenyewe, kabla mtu yeyote hajaleta jiwe. Kamera yake ilinasa pia nukta mbili za mwanga wa leza iliyoelekezwa Mwezini kutoka Arizona na California, jambo ambalo halina uhusiano na kasoko, lakini ninalitaja kwa kuwa linanifurahisha.

Sasa michirizi. Jiwe linaloanguka wima hutawanya kifusi pande zote, lakini linaloingia kwa mshazari hukirusha zaidi mbele na pembeni, na kuacha pengo upande lilikotokea. Tycho ina pengo la namna hiyo magharibi. Hitimisho la kawaida ni kwamba jiwe lilitoka magharibi likielekea mashariki, kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 45. Watu huuliza kwa nini basi kasoko isiwe na umbo la yai. Kasoko haichimbwi na jiwe kama jembe linavyochimba. Huchimbwa na wimbi la mshtuko linalosambaa kutoka mahali jiwe liliposimama, nalo husambaa kwa mviringo hata kama jiwe liliingia kwa mshazari. Ni pale tu jiwe linapoparaza uso kwa pembe ndogo sana, nyuzi 15 hivi au chini yake, ndipo kasoko inaporefuka.

Kuna michirizi miwili inayokwenda karibu sambamba kuelekea Mare Nubium (Mare ni jina la bahari za Mwezi), na mmoja mrefu unaoelekea Mare Nectaris. Ule unaokatiza Mare Serenitatis na kupita kwenye kasoko ndogo ya Bessel umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa wa Tycho, lakini suala hilo lina mabishano, na wapo wanaouhusisha na kasoko ya Menelaus iliyoko kwenye ukingo wa bahari hiyo hiyo. Usiuchukue kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Majirani nao wana habari. Eneo zima ni sehemu ya nyanda za juu za kusini, ambazo hazikufunikwa na lava na kwa hiyo zimebaki na makovu ya mabilioni ya miaka. Upande wa kusini iko Clavius, yenye upana wa kilomita 230 hivi, ambayo ndani yake kuna mfululizo wa kasoko uliopinda kama upinde, zikipungua ukubwa moja baada ya nyingine. Huko ndiko ambako darubini ya SOFIA, iliyobebwa na ndege, ilipata dalili za molekuli za maji kwenye sehemu inayopata mwanga wa Jua. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2020. Upande wa kusini-magharibi iko Longomontanus, kuukuu na iliyochakaa, yenye jina la mtu aliyekuwa msaidizi wa Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark ambaye kasoko yetu ina jina lake. Aliyempa Brahe kasoko inayong'aa kuliko zote za upande wa kusini ni Giovanni Riccioli, katika ramani yake ya mwaka 1651. Brahe alikuwa amefariki mwaka 1601, miaka michache kabla ya darubini ya kwanza kuelekezwa Mwezini, kwa hiyo kasoko hiyo hakuwahi kuiona kama shimo.

Zohali

Kwa kuwa Pambazuko ametaja uelekeo wa jiwe, niongeze neno kuhusu asili yake, maana jambo hili hurudiwa sana likiwa limepitwa na wakati. Mwaka 2007 William Bottke na wenzake walipendekeza kwamba jiwe lililoichimba Tycho, ambalo hukadiriwa kuwa na upana wa kilomita kadhaa, pengine karibu 10, lilikuwa kipande cha asteroidi kubwa iliyovunjika na kuzaa kundi linaloitwa Baptistina, na kwamba kipande kingine cha kundi hilo ndicho kilichoipiga Dunia miaka milioni 66 iliyopita na kuwaangamiza dinosaria. Wakati huo kundi lilidhaniwa kuwa na umri wa miaka milioni 160. Vipimo vya chombo cha WISE vilivyotolewa mwaka 2011 viliushusha umri huo hadi miaka milioni 80 hivi. Kama hesabu hiyo ni sahihi, na kama Tycho ina zaidi ya miaka milioni 100, basi kasoko ilikuwapo kabla ya kundi lenyewe kuwapo. Hata mimi, niliyelalamikia namba ya 108, sioni namna ya kuishusha vya kutosha ili kulinusuru pendekezo hilo.

Mwandamo

Nimeelewa sasa kwa nini kila mmoja hutaja namba hiyo na hakuna anayeieleza. Swali langu la mwisho ni la utazamaji: ni usiku gani unaofaa zaidi kwa kila kitu mlichokieleza?

Falaki

Kwa ngazi za kuta na kilele cha kati, tazama usiku wa kwanza na wa pili baada ya robo ya kwanza. Usiku wa kwanza sakafu huwa gizani na ni kilele peke yake kinachoshika nuru. Saa chache baadaye kivuli huanza kurudi nyuma, na mabadiliko huonekana ukiwa na subira ya kukaa kwenye darubini. Hali hiyo hujirudia kwa mwanga wa upande wa pili karibu na robo ya mwisho, ambapo Jua hutua Tycho takriban siku moja baada ya robo hiyo, ila itakubidi uwe macho usiku wa manane. Maginus na Longomontanus zitafute nyakati hizohizo. Baada ya hapo usijisumbue.

Michirizi haihitaji darubini kubwa. Darubini ya macho mawili inatosha, siku mbili kabla ya Mwezi mpevu hadi siku mbili baada yake, na ukuzaji mkubwa utaidhuru picha kwa sababu utakata michirizi vipandevipande usiuone mtawanyiko wake. Pengo la magharibi alilolieleza Pambazuko huonekana vizuri zaidi kwa ukuzaji mdogo.

Jambo moja huwapotosha wengi, nalo ni uelekeo. Ramani nyingi huweka kaskazini ya Mwezi juu, na hiyo humfaa aliye mbali kaskazini mwa Dunia. Anayetazama kutoka nusu ya kusini huiona Tycho upande wa juu. Aliye karibu na Ikweta huuona Mwezi umelala ubavu: unapochomoza, Tycho huwa upande wa kulia, na unapotua huwa upande wa kushoto. Darubini nyingi za nyota nazo hupindua picha juu chini, au hubadilisha kushoto na kulia kama kioo zikiwa na kifaa cha kupindisha mwanga. Kwa hiyo geuza ramani kwanza hadi ilingane na unachokiona, ukianzia na Tycho yenyewe usiku wa Mwezi mpevu, kisha ndipo uanze kuwatafuta majirani.